Chungu cha Tatu cha Namkunda

Hii nimetumiwa na wifi yangu, mtu ambaye hatumi kitu ovyo. Mpelekee yeyote unayemjua anayetafuta shamba. Ila isome mpaka mwisho, usije ukacheka mapema kama walivyocheka wanakijiji.

Chini ya milima ya Upare alikuwepo mama mmoja, Namkunda, na mumewe Ombeni. Misimu miwili mfululizo mpunga wao ulinyauka kwa magadi, ile chumvichumvi nyeupe inayopanda juu ya udongo jua likiwaka. Mbegu iliyobaki ndani ilikuwa debe moja tu. Hilo likipotea hawana cha kupanda tena, na shemeji yao wa mjini alishachoka kuombwa.

Sasa kijiji kilikuwa kinachimba mfereji mpya kwa msaragambo, kazi ya watu wote, na Namkunda ndiye aliyewapikia wachimbaji makande mwezi mzima. Mfereji ulipokamilika, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kajiru, akasimama mbele ya watu.

"Yamebaki mashamba matatu ya kugawa. Mama huyu ametulisha, achague wa kwanza. Ila kesho akishataja, ametaja. Hakuna kurudi nyuma."

Vigelegele! Ombeni huyo, mbio kwenda kuyaona mashamba. Akarudi anahema.

"Mama Nuru, tuchukue lile la kwanza! Limenyooka kama meza, liko karibu na mfereji, na halina hata gugu moja!"

"Hata moja?"

"Hata la dawa!"

"Mh," akasema mkewe, akachukua ndoo tatu akatoka.

Akachota udongo wa kila shamba, akaurowesha kwa maji ya mvua, akakoroga, akauacha utuame. Kesho yake alfajiri akachuja yale maji kwa kitambaa, akainjika vyungu vitatu pale uwanjani kwenye ofisi ya kijiji. Maharage yale yale, kipimo kile kile, moto ule ule. Tofauti ilikuwa maji tu, kila chungu na maji ya shamba lake.

Watu wakaanza kukusanyika. "Makubwa haya! Kaambiwa achague shamba, yeye anapika!" Ombeni, aibu imemjaa, akajifanya anachochea kuni.

Chungu cha kwanza kikaiva upesi mno. Mzee Kajiru akaonja, akaongeza, akalamba vidole. Cha pili kikafuata baada ya muda. Cha tatu? Weee! Jua limeshapanda, maharage bado yanagonga chungu kama kokoto.

"Basi mambo yako wazi," akasema Mzee Kajiru, upawa bado mkononi. "Ardhi inayopika vizuri ndiyo ardhi njema. Haya mama, taja."

"La tatu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ombeni akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama Nuru, debe letu! Debe letu la mwisho! Umetumaliza!"

Namkunda akafungua pindo la khanga yake, akatoa kibonge cheupe, akakiinua wote wakione.

"Mzee, nikiwapikia makande, huwa natia nini yaive upesi?"

"Si magadi hayo?"

"Leo mmeniona natia?"

"Aka! Hujatia."

"Sasa chungu cha kwanza kimetiwa magadi na nani?"

Mzee Kajiru akautazama ule upawa, akautazama udongo uliobaki kwenye ndoo.

"Na gugu nalo lina akili zake," Namkunda akaendelea. "Mahali lilipokataa kuota, mpunga wangu utaota kwa heshima ya nani?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Kajiru mwenyewe, akacheka mpaka akashika tumbo. "Jamani, nisiwafiche! Lile la kwanza nilikuwa nimelimezea mate mimi!"

Hapo ndipo kicheko kilipokuwa kicheko. Ombeni akainuka, akajipangusa vumbi, akaanza kumweleza kila mtu kuwa yule ni mke wake.

Shamba la kwanza wakaachiwa ng'ombe, wakawa wanakwenda kulamba udongo na kunenepa. La pili likachimbiwa mtaro wa kutolea maji, likaoshwa kwa maji ya mfereji msimu baada ya msimu mpaka likapona. Waliosubiri zamu yao wakatafutiwa ardhi kwingine, na safari hii kila mmoja alikuja na chungu chake.

Na lile debe? Lilizaa magunia ishirini na mawili. Namkunda aliyahesabu mara tatu huku machozi ya furaha yanamtoka, na hakujali nani anamwona.

Siku ya kusherehekea mavuno, Mzee Kajiru alifika kabla ya wote, njaa ikimuuma. Maharage yalikuwa yanapikwa kwa maji ya lile shamba la tatu.

"Yako tayari?" akauliza.

"Kaa mzee wangu, kaa kabisa," akajibu Ombeni, akimvutia kigoda huku meno yote yako nje. "Yako motoni tangu jana, na bado hayajaiva. Mungu ashukuriwe!"

Funzo: Kitu kikikujia kwa wepesi mno, usikikimbilie. Uliza kwanza kimetiwa nini, hasa kama mbegu uliyo nayo ni ya mwisho.