Zamu ya Jiwe la Juu

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Au mmekuja kwangu kuota moto tu? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, pimbi walikaa pamoja kwenye mlima wa mawe. Mnawajua pimbi?

— Wale wadogo wasio na mkia!

Haohao. Na angani alikuwako nani?

— Tai!

Tai, mla pimbi. Kwa hiyo kila siku pimbi mmoja alipanda jiwe la juu kulinda, wenzake wakila majani. Hakulazimishwa, wala hakulipwa. Akifika juu huimba:

*Niko juu, niko juu, nyie mko wapi?*

Na wote chini humjibu:

*Tuko nawe, tuko nawe, tutazamie!*

Kiongozi wao alikuwa Bi Mwasi, kikongwe. Yeye ndiye aliyeanza kujibu kila siku, hata mdomo ukiwa umejaa majani. Mlinzi akipiga yowe, wote mbio pangoni. Wakikuta ni kivuli cha wingu tu, Bi Mwasi husema, "Ahsante mwanangu, umetunyoosha miguu." Basi wa kupanda hawakukosekana.

Bi Mwasi akafa. Akashika uongozi Chonge, mwenye sauti nene na kifua mbele.

Siku moja akapanda Kombo. Akaona kivuli, akapiga yowe. Wakakimbia. Kumbe wingu! Chonge akamsimamisha mbele ya wote. "Mtazameni mlinzi wetu, anaogopa wingu!" Wakacheka. Kombo naye akacheka, lakini hakupanda tena.

Siku nyingine akapanda Chausiku. Akaona ndege, akapiga yowe. Wakakimbia. Kumbe kunguru! Chonge akafoka, "Kuanzia leo hapigi yowe mtu mpaka aje aniulize. Kiongozi ni mimi!" Chausiku akashuka, hakupanda tena.

— Ningekuwa mimi ningemng'ata!

Wewe Shomari, hata kuku unawakimbia. Sikiliza.

Wengine nao wakaogopa kuaibishwa, akabaki Kidawa peke yake. Kila siku anapanda yeye. Anaimba:

*Niko juu, niko juu, nyie mko wapi?*

Chini kimya. Chonge aliona kujibu ni kazi ya watoto, na wengine wakamwiga.

— Bibi, kwa nini naye asiache?

Aliwapenda, mjukuu wangu. Hata mimi huniuma nikifika hapa.

Asubuhi moja Tuza, binti pekee wa Chonge, alikuwa akiota jua juu ya jiwe bapa. Kidawa akaona doa jeusi angani. Doa likakua. Likaota mabawa. Kidawa akafungua kinywa, akaikumbuka amri, akakifunga. Akashuka mbio, jiwe hadi jiwe, akafika kwa Chonge akihema.

"Kiongozi, naomba ruhusa ya kupiga yowe."

"Una hakika ni Tai?"

"Yuko mbali, lakini naona ni yeye."

"Unaona, unaona! Rudi ukatazame vizuri."

Kidawa akageuka. Hapo wakamsikia Tuza analia, na kilio kinatoka juu, kinakwenda mbali.

— Alirudi?

Hakurudi.

Chonge akamshika Kidawa, akamtikisa. "Kwa nini hukupiga yowe?"

"Nilikuja kukuomba, Kiongozi."

Chonge akamwachia. Kidawa akaondoka, akahamia mlima mwingine, wala hakuaga.

Kesho yake jiwe la juu halikuwa na mtu, na Tai alikwisha kuijua njia. Chonge akapanda mwenyewe. Akaimba kwa sauti ile nene:

*Niko juu, niko juu, nyie mko wapi?*

— Wakamjibu?

Walikuwapo chini, wanakula. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikwisha kusahau kujibu.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu. Anayejitolea hana ujira ila sauti za wenzake. Na kiongozi kazi yake ni kuwa wa kwanza kumwitikia.

Hadithi yangu imekomea hapo, juu ya jiwe. Chocheeni moto kidogo.