Mkono wa Mlinzi wa Bwawa

Wekeni majembe chini kwanza, tukae. Najua jua linapanda na mfereji bado mrefu, na wengine mmeacha maharage jikoni. Yakiungua tutakula ugali mtupu. Leo hatuchimbi mpaka niwasimulie jambo hili, na nalisimulia mimi kwa sababu ni la ukoo wangu.

Zamani, kabla bibi za bibi zenu hawajazaliwa, mlima huu haukuwa na mkosaji. Mnashangaa? Kila baya lililotokea waliliita mkosi. Mbuzi akila mahindi ya jirani, mkosi. Mtu akiacha moto shambani ukateketeza nyumba ya mwenzake, mkosi. Aliyetenda alisema, "Ni mkosi," aliyetendewa akajibu, "Tumeupokea," na mambo yakaisha. Neno uzembe walikuwa nalo, ila lilikuwa la utani. Mtu akiota jua wenzake wakilima, walimwita mzembe, naye akacheka pamoja nao.

Siku hizo mlinzi wa bwawa alikuwa Mrutu, babu yetu sisi. Bwawa lenyewe ni hili hili mnaloliona hapo juu. Maji yalikusanyika humo usiku kucha, asubuhi yakazibuliwa kwenda mashambani. Ukuta wake ni wa mawe yaliyoshikwa na udongo wa mfinyanzi, na udongo huo hulainika kwa ndani, chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo kila asubuhi mlinzi alitakiwa avue nguo begani, atumbukize mkono majini hadi kwapani, apapase ukuta. Akigusa palipolainika, aite watu wakapazibe. Mrutu alifundishwa kazi hiyo na baba yake, na mikono yake ilikuwa hodari. Msije mkasema hakujua.

Ukaingia mwezi wa baridi, ule wa ukungu mpaka saa nne. Mrutu akaanza kuchungulia ukuta kwa juu tu, kisha anarudi zake kuota moto. Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili vilevile. Akazoea.

Palikuwa na mjane aliyeitwa Nakiete, mwenye shamba chini ya ukuta. Yeye ndiye aliyeona maji mekundu yakichuruzika kati ya mawe. Akaenda kumwambia Mrutu, naye akajibu kwamba amesikia, kesho ataangalia. Kesho yake akamwambia tena, akapewa jibu lile lile. Siku ya tatu alimkuta anaota moto. Mrutu akamwambia aache wasiwasi, ukuta ule umesimama tangu enzi za babu yake.

Siku ya nne, jua likiwa utosini, ukuta ukaachia. Nakundwa, binti pekee wa Nakiete, alikuwa akipalilia magimbi pale chini. Walimpata mbali sana, karibu na mto. Hapo naomba nisiseme zaidi.

Mrutu alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hilo nisimnyime. Wazee wakachinja kondoo, watu wakakusanyika. Kwa desturi ya wakati ule maiti hakuzikwa mpaka mfiwa ajibu kwamba ameupokea mkosi. Mrutu akasema ni mkosi. Watu wote wakamgeukia Nakiete, naye akanyamaza. Wazee wakamsihi, wakamkumbusha kwamba mwanawe amelala ndani anangoja kupumzishwa. Hebu fikirini uchungu wa mama yule. Akijibu walivyotaka, kifo cha mwanawe kitafukiwa pamoja na mbuzi aliyekula mahindi. Asipojibu, mtoto hazikwi. Akasimama, akamwendea Mrutu, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu mumewe.

"Shemeji," akamwambia, "ulitia mkono majini?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Maji yalikuwa ya baridi."

Nakiete akawageukia wazee.

"Mkosi haukumjia mara tatu kumwonya. Nilimjia mimi. Lipeni jambo hili jina lake, ndipo nimzike mwanangu."

Mkubwa wa ukoo, mzee Kiangi, akasema jina lipo, ila walikuwa wakilichezea. Mtu akijua la kufanya, na uwezo wa kulifanya anao, akaliacha kwa ajili ya raha yake mpaka mwingine akaumia, huo ni uzembe. Akawakataza wasimtupie neno hilo asiyejua, wala aliyejitahidi akashindwa. Nakundwa akazikwa alasiri ile, na neno lile halikuchekesha tena.

Wengine walitaka Mrutu afukuzwe mlimani. Nakiete akakataa. Alitaka arudi kwenye kazi yake, na kila asubuhi amwonyeshe mkono uliolowa. Kwa miaka kumi na tisa mama yule alisimama ukutani, Mrutu akainua mkono unaochuruzika maji, naye akasema, "Nimeuona," akaenda shambani kwake. Kama alimsamehe, sikuwahi kuambiwa. Nakiete alipozikwa, kesho yake Mrutu aliinua mkono hata hivyo, na watu waliokuwa wakingoja maji wakajibu badala ya mama yule.

Na tangu siku hiyo mlinzi wa bwawa letu huinua mkono kila asubuhi, nasi humjibu kwamba tumeuona. Nilipokuwa mwali, mvua kubwa ilibomoa ukuta huu. Mlinzi alikuwa ameinua mkono asubuhi ile ile, basi tukampa pole na kujenga naye, na hakuna aliyelitamka neno uzembe.

Sasa, Sefue. Zamu ya kulinda bwawa mwezi huu ni yako, na wewe ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto. Bwawa limejaa hadi ukingoni kwa sababu tumelifunga tuchimbe mfereji. Nimesimama ukutani tangu alfajiri, sikuuona mkono. Nimewauliza hawa wote, hakuna aliyeuona. Shati lako ni kavu, mwanangu. Waliokuwa wakipalilia huko chini nimeshawatoa, na mkeo ni mmoja wao.

Usiniambie kuna baridi. Nenda, tunakungoja hapa.