Viatu Jozi Tatu na Witri ya Somoe

— Hadithi mlangoni!
— Iingie!
— Ina meno!
— Iume taratibu!

Hapo kale, si kale yenu ya juzi, palikuwa na binti akiitwa Somoe. Alisoma chuoni miaka saba, akahitimu vitabu vyote, akaomba kazi ya kufundisha. Wazee wakamwambia: subiri. Akasubiri. Subiri tena. Akasubiri. Subiri kidogo tu, binti. Wallahi mnawajua hao! Hata leo wapo, wanakwambia acha sivii yako hapo mezani.

Somoe akajifunga kanga, akashika njia ya mji wa pili, mwendo wa siku mbili. Jua linazama, akaona kibanda njia panda. Mlangoni viatu jozi tatu, vumbi limevilalia. Ndani mtu mmoja: kilemba kikubwa, ndevu nyeupe, meno mengi mno.

"Ahlan, ahlan, binti yangu! Magharibi hiyo. Wewe msafiri, unganisha na isha sasa hivi, piga witri yako ya kufunga sala za usiku, ulale. Dini nyepesi!"

"Ahsante, sheikh. Na wenye viatu?"

"Wamelala."

Somoe akaenda nyuma ya kibanda kutawadha. Akasikia kisu kinanolewa, na wimbo:

*Aliyefunga usiku, wangu!*
*Asiyefunga, simgusi!*
*Witri ndiyo kufuli,*
*njoo nyama, njoo!*

Zimwi! Akimbie? Wapi? Giza limeshashuka, na zimwi lina miguu mirefu kuliko njia yenyewe. Akarudi ndani.

"Haya, unganisha."

"Naunganisha, sheikh. Ila magharibi naivuta hadi wakati wa isha, nimeshanuia. Nayo ni ruhusa ya msafiri. Au hukufika ukurasa huo?"

Zimwi likasaga meno. Nusu elimu, kilemba kizima!

Isha ikaingia. Akasali magharibi tatu, isha mbili.

"Haya, witri!"

"Witri ni ya mwisho. Kwanza sunna za usiku, mbili mbili."

Mbili. Mbili. Mbili. Miguu ikavimba. Kila akitoa salamu, zimwi: "Tayari?" "Bado." "Tayari?" "Bado." "Tayari?" "Bado, babu, usinipe presha!"

Taa ikaisha mafuta. Kope zikamwangukia. Zimwi likateleza nje kimya kimya. Mara: *Kokoikooo!*

Likarudi mbio, linahema. "Binti! Jogoo huyo! Alfajiri inaingia, witri itakupita!"

Jamani, hapo ndipo pagumu. Tangu avunje ungo, witri haijampita Somoe hata usiku mmoja. Akasimama. Akainua mikono. Midomo imeshafunguka kwa takbira...

Akasita. Jogoo hupiga mbawa kwanza, pu pu pu, ndipo awike. Huyu mbawa zake ziko wapi? Haraka haina baraka, na ile ilikuwa na kisu.

Akashusha mikono. "Acha inipite."

"Uache witri? Wewe, msomi mzima?"

"Nitailipa. Kichwa hakilipwi."

Zimwi likanguruma. Likamzunguka mara moja. Mara mbili. Mara tatu, kisu kinamgusa ukosi wa kanga. Lakini usiku wake haujafungwa, na mwiko ni mwiko.

Ndipo weupe ukatanda mashariki yote, kutoka kona hadi kona. Mbali, pu pu pu, jogoo wa kweli akawika. Miguu ya zimwi ikawa udongo. Tumbo udongo. Kilemba udongo. Kichuguu!

Somoe akasali alfajiri. Akangoja jua lipande kimo cha mkuki. Akavikung'uta vile viatu, akavipanga safu nyuma yake kama maamuma. Akalipa witri yake polepole, hana haraka na mtu. Salamu kulia, salamu kushoto. Akakigeukia kichuguu:

"Haya, sheikh. Nimefunga. Njoo ule."

Mji wa pili hakufika. Kibanda kikawa chuo chake, kichuguu kikawa pa kuegemeza ubao.

Hadithi yangu imevaa viatu, inaondoka. Uliyekesha, mwamshe aliyesinzia!