Waangalizi Sitini wa Kiboko

— Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni, ikae nasi!

Palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa na Baraza la Wanyama. Mnyama akiiba, Baraza halikumtupa shimoni moja kwa moja. Lilimwacha kwake mwaka mzima, chini ya mwangalizi wa kumshauri, mwenye mkanda wa kazi kiunoni. Kazi ya kutafuta waangalizi ikatolewa kwa tenda, na Kiboko akaipata.

"Ajiri thelathini," Baraza likamwambia, "na uwafundishe kwanza." Likampa shamba la matikiti, chakula cha waangalizi.

Kiboko akamwajiri Kobe peke yake. Hakumfundisha kitu. Matikiti akala mwenyewe: kachu, kachu, kachu!

Pimbi naye alikuwa akiangaliwa, kwa kuiba mihogo ya Nungu. Jumatatu ya kwanza akaenda kuripoti, hakumkuta mtu. Ya pili, hakumkuta mtu. Ya tatu akamkuta Kobe njiani, anajiburuta, buru, buru, buru.

"Mzee Kobe, nimekuja kuripoti."

"Mwanangu, mko sitini, mimi mmoja. Nimeambiwa nisiyemwona nimwandike mtoro. Nawe nimeshakuandika."

"Mtoro anafanywaje?"

"Shimoni."

Pimbi alikuwa na watoto wawili, na mama yao alishafariki. Akaenda mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Baraza linakuja kesho kukagua."

Kiboko akaibuka, pwaa! "Thelathini nitawatoa wapi?"

"Tuvishe sisi tunaoangaliwa mikanda ya waangalizi. Sote sitini! Baraza litakuongezea shamba."

"Na mafunzo?"

"Tutatikisa vichwa kama waliosoma."

Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika ukingoni. Akagawa mikanda.

Kesho yake Mwenyekiti, Bi Twiga, akahesabu. "Sitini na moja! Hongera. Haya, wanaoangaliwa wako wapi?"

Kiboko akatazama kulia, mikanda. Kushoto, mikanda. Asiye na mkanda ni yeye tu.

"Ni huyu, mama," Pimbi akasema. "Alikula shamba zima la matikiti."

"Mnamwangalia wote?"

"Ni mzito."

Bi Twiga akainua shingo, akaliona shamba: maganda matupu. Kiboko akapewa mwaka mmoja wa kuangaliwa. Kobe akapelekwa kusoma, akarudi na wenzake ishirini na tisa waliosoma vizuri, na jina la Pimbi likafutwa kwenye orodha ya watoro. Jioni ya ukaguzi ule Pimbi alipika ugali, akala na wanawe.

Basi, jamani, tumejifunza nini? Kwamba mwangalizi hana haja ya kusoma, mkanda unamtosha. Na kwamba tenda apewe mwenye tumbo kubwa.

— Nimesema yangu!
— Nasi tumesikia yetu!