Tamthilia za Ovidia

Anayewashwa na chawa hapigi mlango teke; huvua shati akatazama mshono. Ovidia Quesada wa mji wa Camagüey hakutazama mshono.

Tangu mwanawe Leonel ahamie ng'ambo, Montevideo, nyumba ilimpwaya kama vazi la marehemu. Alipika maharage ya mtu mmoja, akala akitazama kiti kitupu. Kila Jumatatu alimpelekea mchuuzi kompyuta yake ya kupakata, naye akamjazia humo paketi ya wiki, vipindi vilivyonakiliwa kutoka mtandaoni: tamthilia za Kituruki, za Kikorea, za Brazili. Ovidia hakufuta hata moja. Aliziacha ziseme kutwa ili kuta zisimnyamazie.

Kompyuta ikawa nzito kama punda aliyebebeshwa jiwe la kusagia. Leonel alipopiga simu ya video, sura yake iliganda mdomo wazi, maneno yakaja vipande vipande. Simu zikafupika. Kisha akaandika kwamba mkewe angejifungua mwezi huo. Ovidia akaapa kumwona mjukuu akisogea. Alibadilisha cherehani yake kwa kipande cha memori ya kompyuta kilicholetwa na msafiri kutoka Panama, akakipeleka kwa fundi Osmel.

"Mama Ovidia, ngoja kwanza nichungulie ndani," alisema Osmel.

"Uchungulie nini? Nimekuletea dawa, wewe unataka kumhoji mgonjwa. Weka."

"Memori inasaidia kama ndiyo iliyopungua."

"Osmel, nilikufunga nepi mimi. Weka."

Akaweka. Jumapili Leonel alipopiga, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Kwenye kioo alionekana kama doa jeupe lisilosogea, kisha simu ikakatika. Ovidia alibaki ameshika kioo kwa viganja viwili, kama anayeota moto kwenye majivu ya jana.

Kesho yake alirudi kwa Osmel. Safari hii alimwacha achungulie.

"Memori ni meza ya jikoni, mama. Sasa unayo kubwa. Lakini kabati limejaa mpaka mlango haufungi, na kila kijiko lazima tukitoe humo. Diski yako, ndiyo hilo kabati, imevimbiwa tamthilia."

"Hizo haziguswi."

"Basi huyo mjukuu utamwona siku akiolewa, picha ikiwahi kufika."

"Unajua wewe kukaa kwenye nyumba isiyokujibu?"

Osmel alimsogezea tu kompyuta.

Ovidia alizifuta mwenyewe, moja moja, akizitaja kwa jina kama anayeaga wageni. Aliporudi nyumbani, kimya kilikuwa kimemtangulia kuketi. Wiki ile aliivuka kama mtu anayevuka uwanja wakati wa jua kali, bila kivuli hata cha sauti.

Jumapili Leonel akapiga. Mtoto alipiga miayo, na miayo ikafika yote. Lakini Leonel hakuwa akimtazama mtoto. Alimkazia macho mama yake.

"Mama, unacheka."

"Kwa nini nisicheke?"

"Mwaka mzima nakuona umekaa kama sanamu, umenikunjia uso. Nikikusemesha, hujibu. Nilijua umenichukia kwa kuondoka, ndiyo maana nilikuwa nakata mapema."

Ovidia alifunika mdomo kwa mkono. Kumbe kompyuta iliyoelemewa ilikuwa ikigandisha na sura yake pia huko Montevideo. Sauti alizorundika ili asiwe peke yake ndizo zilizomfukuzia sauti moja aliyoililia. Hakuibiwa na bahari, wala umbali, wala mwana. Kikulacho ki nguoni mwako.