Bi Pimbi Amuuzia Tembo Bando

Hapo zamani za kale, watoto, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, walipika uji na kugombana na majirani kama sisi, kulikuwa na bonde lenye vilima vingi. Kutoka kilima hadi kilima zilining'inia kamba ndefu za mwituni, na mwisho wa kila kamba palikuwa na kibuyu kikavu. Ukisema ndani ya kibuyu hapa, sauti yako ilikimbia juu ya kamba, wiiii, ikatokea kwenye kibuyu cha kule.

Kamba zote zilikuwa za Mzee Tembo. Awali Kifaru naye alikuwa na zake, lakini Tembo alizinunua. Kisha Nyani akajaribu kutundika kamba moja tu, kwenye mti wake mwenyewe. Tembo akapita pale, akasema mgongo unamwasha, akauegemea ule mti. Kraaak! Pwaa!

"Lo! Pole sana, jirani," alisema Tembo. "Miti ya siku hizi haina nguvu."

Basi akabaki peke yake sokoni, akiuza maongezi kwa bando. Ukimpelekea mzigo wa miwa, ulipata Bando la Duma, ukaongea mpaka ulimi uchoke. Ukimpelekea muwa mmoja, ulipata Bando la Kobe. Hapo Kasuku, mfanyakazi wake, alikaa juu ya kamba akikuvizia. Muda ukiisha aliibana kamba kwa mdomo, kwichi! Kisha akapiga kelele, "Bando lako limekwisha! Ongeza muwa!"

Tembo mwenyewe hakukatwa kamwe. Kila asubuhi sauti yake ilitoka katika vibuyu vyote kwa pamoja: "Habari njema, wateja wangu wapenzi! Miwa imepanda!"

Sasa, kwenye kilima cha mawe aliishi Bi Pimbi, mkunga wa bonde zima. Alikuwa mdogo, unaweza kumfunika kwa kikapu, lakini akili yake haikukaa kikapuni. Binti yake, Mashavu, aliolewa kilima cha mbali, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Bi Pimbi hakuweza kuhamia kule, kwa sababu wajawazito wa upande huu nao walimtegemea. Wakakubaliana hivi: uchungu ukianza tu, Mashavu apige kibuyu, mama aje mbio.

Asubuhi moja kibuyu kikalia. Ngo! Ngo! Ngo!

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema. Wakwe zako hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu sana. Baba je?"

"Hajambo, ila kikohozi. Na mumeo?"

"Mzima. Sasa mama, nimekupigia kwa sababu..."

Kwichi! "Bando lako limekwisha! Ongeza muwa!"

"Kwa sababu gani?" Bi Pimbi aliruka. "We Kasuku! Kwa sababu gani?"

"Sijui, mama. Mimi nauza muda, siuzi maneno."

Bi Pimbi akabeba mkoba wake wa ukunga akatoka mbio. Tipu, tipu, tipu! Alipanda, akashuka, akajikwaa, akaamka. Jua likielekea kuzama, akafika akihema. Mashavu alikuwa jikoni anachoma mahindi.

"Mama! Umekuja? Nilitaka tu kukuuliza kama naruhusiwa kula pilipili."

Bi Pimbi akaketi chini pwaa, kama mzigo. "Mwanangu, siku ya uchungu wenyewe itakuwaje? Anza na neno lenyewe, salamu zifuate."

"Mama! Wakwe wanasikia! Nianze kusema bila kukusalimu? Watasema sikulelewa."

Kweli, bondeni kule hakuna aliyethubutu kuruka salamu. Hata mwizi alibisha hodi.

Kulipokucha, Bi Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Mfalme Simba.

"Mfalme, bando dogo linaishia kwenye salamu. Binti yangu ataniita, nami sitamsikia. Weka sheria!"

Tembo alikuwepo, anakunywa chai ya mfalme. Akacheka, masikio yakapepea. "Sheria ya nini? Kamba ni zangu, nimezisokota na kuzinunua mwenyewe. Soko ni huria! Asiyetaka, atafute kamba nyingine."

"Nyingine iko wapi, Mzee Tembo?"

"Hilo si swali langu."

Simba akapiga miayo. "Bi Pimbi, mimi siingilii biashara za watu. Mwenye mali ana hiari na mali yake. Nimemaliza."

"Asante, Mfalme," alisema Bi Pimbi, akiinama. "Neno hilo nitalikumbuka."

Akarudi nyumbani akitabasamu.

Kilikuwa kiangazi kikali. Mito imekauka, imebaki chemchemi moja tu, nyuma ya mawe. Na njia ya kufika pale ilipita katikati ya ua wa Bi Pimbi. Siku zote watu walipita bure, wakipunga mkono. Lakini kesho yake Bi Pimbi aliukusanya ukoo wake wote: mashangazi, wajomba, wajukuu na vitukuu. Wakajipanga pande mbili za njia, wametandaza matumbo juani.

Mchana Tembo akaja. Tindi! Tindi! Tindi! Kiu imemkausha koo.

"Pisheni, pisheni!"

"Karibu, Mzee Tembo," alisema Bi Pimbi. "Tumeweka utaratibu mpya. Unapita uani kwa watu, kwa hiyo unasalimia. Kila mmoja, na habari za kwake. Hilo ndilo Bando la Kobe."

Tembo akautazama ule mstari. Ulikwenda, ukapinda nyuma ya jiwe, ukaendelea.

"Wote hawa? Nitafutie Bando la Duma!"

"Lo, la Duma limekwisha. Tumempa Kobe."

Na kweli, Kobe akapita hapo hapo, shingo imenyooka kwa fahari. "Samahani, Mzee, nina haraka," alisema, akaenda zake chemchemi, kwaru, kwaru, kwaru.

Tembo akainua mguu. "Nitawakanyaga nyote!"

"Kanyaga," alisema Bi Pimbi kwa upole. "Lakini mwenye mali si ana hiari na mali yake? Ukivunja ua wangu leo, kesho Twiga ataanza kutafuna kamba zako. Utamshtaki kwa neno gani?"

Mguu ukashuka taratibu. Tembo akameza mate ambayo hayakuwepo, akaanza.

"Hujambo, shangazi?"

"Sijambo, babu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Yule mdogo aliyekuwa na surua?"

"Amepona."

"Alitumia dawa gani?"

"Jamani, maji!"

"Maji tu? Ajabu! Mjomba, umesikia? Surua, ametumia maji tu!"

Jua likasogea. Tembo hakuwa amefika hata kwa wajomba. Mkonga ulikuwa umelegea kama soksi. Mwishowe akakinyakua kibuyu kilichoning'inia pale uani, akapiga kelele ndani yake mpaka kamba zikatetemeka.

"Mfalme Simba! Nakufa kwa kiu! Weka sheria!"

"Sheria ya nini tena?" ilijibu sauti ya Simba. "Soko ni huria. Tafuta chemchemi nyingine."

"Hakuna nyingine! Njia ikiwa moja tu, haifai mwenye njia aachwe kutuchezea atakavyo! Ni dhuluma hiyo! Mfalme yuko kwa kazi gani?"

Mara kibuyu kikacheka. Kilicheka kwa sauti ya fisi, na ya nyani, na ya pundamilia. Maana Tembo alisahau kwamba sauti yake hutoka katika vibuyu vyote. Bonde zima lilikuwa limesikia.

"Tembo," alisema Simba, "na kamba zako je?"

"Kamba ni... kamba ni jambo tofauti, Mfalme."

"Tofauti vipi?"

Tembo akafikiri. Akafikiri tena. Ulimi ulikuwa mkavu mno kutunga uongo.

"Haya, sikilizeni," alisema Simba, na safari hii hakupiga miayo. "Nilikosea kunyamaza. Tembo atalipwa kwa kamba zake, amezifanyia kazi. Lakini bei iwe ya haki, na neno la kila mtu lifike mwisho wake. Akitokea mwingine wa kutundika kamba, mti wake usiegemewe. Na wewe Bi Pimbi, fungua njia."

"Imefunguliwa, Mfalme!" Ukoo mzima ukajiviringisha pembeni, bwii! Tembo akakimbilia majini, akanywa mpaka vyura wakalalamika.

Alikuwa bado anakunywa kibuyu kilipolia. Ngo! Ngo! Ngo! Mashavu alimsalimu mama, baba, wajomba na majirani. Kasuku alitazama, mdomo ameufumba.

"...na sasa mama, uchungu umeanza tangu alfajiri ya leo, ila muwa wa bando ulikuwa umeniishia. Aaai!"

Bi Pimbi akadaka mkoba. Jua lilikuwa limeinama, na njia ilikuwa ndefu kwa miguu mifupi kama ile. Mara kivuli kikubwa kikamfunika.

"Panda mgongoni," alisema Tembo, maji yakimdondoka kidevuni.

"Kwa bando gani, Mzee?"

"Panda, mama. Umeshanitia aibu ya kutosha."

Akapanda. Tindi! Tindi! Tindi! Vilima vikarudi nyuma, na kabla giza halijaingia mtoto wa Mashavu alizaliwa, akadakwa na mikono ya bibi yake, akalia kwa sauti iliyosikika bila kibuyu.

Nanyi watoto, shikeni hili: mwenye njia ya pekee anastahili malipo yake, lakini hana haki ya kuamua nani asikike.