Hodi ya Gari la Shemweta

Haya, sogeeni. Na wewe unayechezea simu, iweke mfukoni. Hadithi yangu haigombanii masikio na mtu. Leo sitaki wasikilizaji, nataka mahakimu. Kazi yangu kusimulia, yenu kuhukumu, na atakayeniambia mwishoni "wote sawa tu" nitamtoa nje, awe mkubwa awe mdogo.

Walikuwako watu watatu katika kijiji cha Kwemvumo, huko juu Usambara, ambako ukungu hushuka saa saba mchana ukameza hata mbuzi uliyemshika kamba.

Wa kwanza ni Hiza, fundi redio. Kipaji chake kilikuwa vidole. Mpe redio iliyokufa, atafumba macho, atapapasa waya mmoja mmoja, halafu atakwambia, "Huyu hapa ndiye mgonjwa." Mkewe alikuwa akimtania kwamba hajawahi kushikwa kwa upole kama zinavyoshikwa redio za watu.

Wa pili ni Mwalimu Leokadia, mwenyeji wa Bukoba, aliyehamishiwa shule ya Kwemvumo akaja na kompyuta mpakato yake begani. Kipaji chake kilikuwa subira. Mtoto akikosea hesabu mara tisa, mara ya kumi Mwalimu anamwuliza kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Mimi ningekuwa nimeshachapa.

Wa tatu ni Shemweta, dereva. Kipaji chake kilikuwa neno. Hakuwa msemaji, na kwa sababu hiyo akisema aliaminiwa. Akisema barabara imekatika, hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Watu waligeuza safari wakarudi nyumbani.

Sasa Shemweta alikuwa na pikapu kuukuu, gari pekee pale kijijini. Ndilo lililopeleka wagonjwa hospitali, ng'ambo ya mlima. Mwaka ule gari likaanza vituko. Lilikuwa linazima. Kuzima si ajabu, magari yote huzima. Ajabu ni kwamba lilizima mahali pamoja tu: kilele cha mlima, mbele ya lango la Bi Kidawa, ajuza wa miaka sabini na tisa, mjane asiye na mtoto, aliyeishi peke yake kule juu.

Likizima, Shemweta anapiga stata. Injini inazunguka, haiwaki. Anapiga tena, inazunguka, haiwaki. Halafu kutoka kwenye ukungu anajitokeza Bi Kidawa na bakora yake, taratibu, anaweka kiganja kwenye boneti, anasema, "Pole, mwanangu. Hebu jaribu sasa." Gari linawaka.

Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili wakatazamana. Mara ya tatu hakuna aliyetazamana na mwenzake, kila mtu akaangalia chini.

Mara ya nne, nyuma ya gari alilala Zahara, mke wa Shemweta, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Gari likazima pale pale. Shemweta akapiga stata mpaka mkono ukafa ganzi, anamwomba Mungu, analitukana gari, anamwomba Mungu tena. Bi Kidawa akaja, akaweka kiganja, likawaka. Lakini ilishapita robo saa, na mtoto hakuweza kungoja. Alizaliwa langoni kwa Bi Kidawa. Alikuwa wa kiume, na hakulia.

Shemweta alirudi kijijini amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwenye kanga. Akasema neno moja tu: "Yule bibi ndiye anayelizima gari langu."

Basi, imekwisha hiyo! Nani angebisha? Gari likazima kule mara mbili zaidi, na Bi Kidawa akatoka mara mbili zaidi, na watu wakasema ushahidi gani tena mnautaka. Kikao kikakaa. Likakatwa shauri kwamba Ijumaa, baada ya swala, Bi Kidawa awe amehama. Asipohama, nyumba itachomwa, na kama yumo ndani, shauri yake. Jamani, mtu wa miaka sabini na tisa ahamie wapi?

Jumatano yake, Mwalimu Leokadia akaingia kwenye kibanda cha Hiza.

"Fundi, gari la Shemweta lina kompyuta ndani?"

"Linayo. Kisanduku kidogo chini ya dashibodi. Ndicho kinachoamuru injini iwake au isiwake."

"Sasa mbona mnamwuliza bibi wa watu, na anayetoa amri hajaulizwa?"

Hiza akacheka. "Mwalimu, gari lile la zamani. Soketi yake na waya wa kompyuta yako havijawahi hata kuonana."

"Basi wewe vikutanishe."

Wakaenda kwa Shemweta. Akawasikiliza hadi mwisho, uso umemkauka. "Mnataka kumtetea," akasema.

"Nataka kujua," Mwalimu akamjibu. "Wewe hutaki kujua?"

Shemweta akautazama mlima. Aliamini kabisa kwamba mara hii bibi angewamaliza wote watatu. Mwisho akasema, "Nitaendesha. Tukifia kule, msiseme sikuwaambia."

Alhamisi mchana wakakutana bondeni kwenye gari. Hiza alikuwa amevunja redio mbili akaunda waya wake, na katikati amefunga kitaa chekundu kidogo, kiwake kila neno linapopita. Ila soketi ile ilikuwa imelegea, waya haukai. Ikabidi ajikunje chini ya dashibodi, aubane kwa vidole viwili, na pembeni ya vidole hivyo kulikuwa na bomba la chuma lenye moto. "Nikiachia tu, mazungumzo yamekufa," akasema. "Kwa hiyo siachii."

Mwalimu akafungua kompyuta yake, akaiamuru ibishe hodi kwa kompyuta ya gari. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Akabisha mara ya tatu, kimya vilevile.

"Hodi tatu hamkuitikiwa," Shemweta akasema. "Wenye adabu huondoka."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. "Huyu ni mzee," akasema.

"Mzee nani?"

"Huyu wa ndani ya kisanduku. Mimi nabisha kwa papara, kama polisi. Mzee hakurupuki."

Akaipunguza kasi ile hodi. Hakuitikiwa. Akaipunguza tena, na tena, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwahesabia, bila kusonya wala kupandisha sauti. Mwishowe kitaa chekundu kikawa kinawaka, kinakaa, kinazima, kinakaa, kama mtu anayegonga kwa kidole kimoja. Ho... di. Na gari likajibu! Tarakimu zikamiminika kwenye kioo.

"Karibu," Mwalimu akasema kwa niaba ya gari, na wote watatu wakacheka. Siku hiyo hawakucheka tena.

Wakapanda mlima. Ukungu ulishashuka, Shemweta anaendesha kwa kubahatisha. Hiza chini ya dashibodi anaungua, harufu ya ngozi wanaisikia, na hakuachia. Walipofika kileleni, mbele ya lango, gari likazima.

"Piga stata!" Mwalimu akasema.

Injini ikazunguka, wote wanaisikia. Lakini kwenye kioo, pale panapoandikwa mizunguko ya injini, ilisimama sifuri.

"Tazameni," Mwalimu akasema. "Injini inazunguka, kompyuta inaambiwa imesimama. Kuna sensa ya kuhesabu mizunguko, nayo imepofuka. Kompyuta isipoona mzunguko, haitoi moto."

"Ni joto la mlima," Hiza akasema kutoka chini. "Ikichemka inapofuka. Ikipoa robo saa hivi, inaona tena."

"Na bibi huchukua muda gani kutoka kwake mpaka hapa langoni?"

Shemweta akatazama njia ya langoni. "Robo saa," akasema. "Ana goti bovu."

Loo! Shemweta akachomoa ufunguo, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Hiza akaachia waya hatimaye, ukaanguka sakafuni. Vidole vyake viwili vilikuwa vimegeuka rangi.

Sasa nisikilizeni, na hapa sitii chumvi. Ufunguo umo mkononi mwa Shemweta. Waya uko sakafuni, haugusi kitu. Mwalimu mikono kaiweka mapajani. Na kile kitaa chekundu kikawaka. Kikakaa. Kikazima. Kikakaa. Kikawaka tena, kwa mwendo ule ule wa kidole kimoja.

"Si mimi," Mwalimu akanong'ona.

Na kutoka ndani ya ukungu, mbali, wakasikia sauti ya Bi Kidawa: "Karibu, mwanangu! Nakuja, nakuja."

Kitaa kikazima.

Alipowafikia walimwamkia. "Marahaba," akasema, anawaangalia mmoja mmoja. "Nani kati yenu amebisha?"

Mwalimu akakitazama kitaa sakafuni.

"Zamani nilikuwa natoka nikisikia stata tu. Lakini tangu siku ile ya mtoto," akaendelea, "gari hili likizima hapa, nasikia hodi. Hodi ya mtu mdogo, haina nguvu. Ndiyo natoka. Nisimwitikie mgeni?"

Shemweta akageuza uso.

Ijumaa watu wakapanda mlima na debe la mafuta ya taa. Mwalimu akawaeleza habari ya sensa, wakamwambia, "Namba ni zako na mashine ni yako, wewe wa kuja tu." Hiza akawaonyesha vidole, wakamwambia, "Wewe bibi yako mzaa mama na huyu ni mtu na dada yake, utaacha kumtetea?" Mmoja akafungua kifuniko cha debe. Hapo Shemweta akapita katikati yao, akasimama mlangoni.

"Nilikosea," akasema. "Nilikuwa na uchungu, nikautua kwa mtu asiyekuwa na kosa. Gari langu ni bovu. Mwenye mafuta aanze kunimwagia mimi."

Watu wakafunga debe wakateremka. Hawakuomba hata radhi, unajua watu walivyo. Hiza akatafuta sensa nyingine kwenye gari lililotupwa, akaifunga kwa mkono uliobaki mzima, na gari halikuzima tena kileleni.

Ukapita mwezi, Bi Kidawa akawaita wote watatu.

"Nyumba hii ilikuwa iwe majivu, na mimi ndani yake," akasema. "Nataka nimwandikishe mmoja wenu. Nyumba, migomba na chemchemi. Siwezi kugawa, chemchemi ni moja na mlango ni mmoja. Atakaa nami kama mwanangu, atanizika, na baada yangu patakuwa pake. Nina sharti moja. Gari sasa linapita bila kuzima, lakini hodi bado inakuja, inakuja peke yake. Atakayekaa hapa aitikie. Sitaki yule mgeni akute nyumba kimya."

Pamoja na hayo, hakuna aliyeondoka.

Hiza akasema, "Bibi, bila waya wangu wangeliuliza gari kwa mdomo. Vidole hivi viwili havikunjuki tena. Redio nikiishika sasa hainiambii kitu. Nililipa kwa kipaji changu chote, na sina kingine cha kulia ugali."

Mwalimu Leokadia akasema, "Bibi, wote walikuwa wanangoja Ijumaa tu. Mimi ndiye niliyeuliza, na mimi ndiye niliyebisha mpaka nikajibiwa. Siku hizi wazazi wanawatoa watoto darasani kwangu. Wanasema anayezungumza na gari likajibu, huyo ndiye mchawi mpya. Mwenye chumba ameniambia nihame. Hofu iliyokuwa mlangoni kwako imehamia kwangu, na mimi sina mlango."

Shemweta aliinuka. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyeliita lile debe, na mimi ndiye niliyelirudisha. Kwa hiyo sijui kama nakudai au nadaiwa. Sitaki migomba, sitaki chemchemi. Lakini bibi, anayebisha hodi hapa ni mwanangu. Hakupata hata jina. Zahara ananiuliza kila siku kama mtoto anasikia baridi. Niache niwe mimi wa kumwambia karibu."

Bi Kidawa akawatazama, na hakujua amwandikishe nani. Na mimi niliyewasimulia sijui.

Sasa ni zamu yenu, mahakimu. Vidole, subira, neno: kimoja kisingekuwapo, bibi angeungua. Ukimpa Hiza, mwalimu atalala wapi? Ukimpa Mwalimu, fundi atakula nini? Ukimpa Shemweta, umemlaza yule ajuza nyumba moja na mdomo uliotaka kumchoma. Ukimnyima, umemweka mtu mwingine amwitikie mwanawe, na yeye apite na gari nje akisikia. Semeni basi, ninyi mngemwandikisha nani, na wale wawili mngewaambia nini usoni?

Haya, aanze aliyekaa karibu na mlango.